Kuzuia Kinga au Kudhibiti Kijalizo? Uhakiki wa Istilahi Nne za Tiba

Dawa mpya hudai maneno mapya. Mnamo Desemba 2023 Marekani iliidhinisha iptakopani, kapsuli ya kumeza mara mbili kwa siku, kwa ajili ya ugonjwa adimu ambao ndani yake kinga ya mwili huvunja chembe nyekundu za damu ya mgonjwa mwenyewe. Machi 2024 ikafuata danikopani. Kabla ya hapo wagonjwa hao walitegemea dawa za sindano, ambazo ya kwanza iliidhinishwa mwaka 2007.

Madhumuni ya makala haya ni kupima istilahi nne zinazomkabili mfasiri wa maelezo ya dawa za namna hii. Kamusi peke yake haitoshi kuwa kipimo. Hapana budi tumfikirie pia msomaji wa Ujiji, au wa kijiji kinachofikiwa kwa boti katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambaye akisharudi kwake hana wa kumwuliza ila karatasi aliyopewa.

Ya kwanza ni kijalizo. Katika damu zimo protini zaidi ya 30 ambazo huamshana moja baada ya nyingine, na mwishowe hutoboa utando wa kijidudu. Jules Bordet, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya 1919, alionyesha kazi yake mwishoni mwa karne ya 19. Paul Ehrlich akaipa jina lenye maana ya kitu kinachojaliza kazi ya kingamwili. Kwa hiyo kijalizo ni tafsiri ya haki. Kwamba wanasarufi nao wana kijalizo chao si hoja: mzizi ni wa mti na ni wa neno pia, wala mwanafunzi hapotei. Kasoro yake ni kwamba likisimama peke yake laweza kudhaniwa kuwa ni ziada isiyo na kazi. Yafaa basi liandikwe kijalizo cha kinga.

Ya pili ndiyo nzito: kuzuia. Mfasiri afuataye neno kwa neno ataandika "dawa ya kuzuia kinga". Sarufi haina kosa, lakini maana imeharibika. Tangu miaka ya 1980 neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, limemfundisha kila Mtanzania kwamba kinga ikipungua mauti yamekaribia. Aidha, katika lugha ya afya tunazuia malaria na tunazuia kipindupindu: kinachozuiwa ni adui. Mgonjwa akisoma kwamba dawa yake inazuia kinga, ana haki ya kuitupa ziwani. Naye akiiacha ghafla, chembe zake za damu zaweza kuanza kuvunjika upya.

Hata hivyo tusimfiche hatari. Dawa hizi huongeza uwezekano wa kupata homa ya uti wa mgongo, na kwa sababu hiyo chanjo hutangulia. Pendekezo letu ni kugawa kazi kati ya maneno mawili. Kinachozuiwa hasa ni kimeng'enya kimoja; mfumo wenyewe hudhibitiwa, maana njia zake nyingine hubaki na sehemu ya nguvu zake. Tuandike: dawa huzuia kimeng'enya fulani, na hivyo hudhibiti kijalizo cha kinga kilichopita kiasi. Mkemia hatapoteza usahihi wake, na mgonjwa hatapoteza imani yake.

Ya tatu ni teule. "Dawa teule" ni dawa iliyochaguliwa, hali tunataka dawa ichaguayo. Kiswahili kinalo teuzi, na methali yatukumbusha kwamba mteuzi haishi tamaa. Uteuzi huu si pambo. Kimeng'enya kinacholengwa na danikopani ni cha jamii moja na vile vinavyogandisha damu na vinavyosaga chakula tumboni. Dawa isiyochagua itavigusa vyote. Mvuvi wa Kibirizi analijua jambo hili kwa wavu wake: ukubwa wa matundu ndio uamuao kama atapata dagaa au mgebuka.

Ya nne ni nyepesi. "Dawa ya mdomo" yaweza kueleweka kuwa ni ya kutibu mdomo, na "dawa ya kunywa", ingawa watu huitumia hata kwa vidonge, humpeleka msomaji kwenye chupa. Dawa ya kumeza yatosha, nayo humwambia mgonjwa asiifungue kapsuli.

Kwa ufupi twapendekeza: kijalizo cha kinga, kuzuia kwa kimeng'enya na kudhibiti kwa mfumo, dawa teuzi, na dawa ya kumeza. Walimu na wafasiri wazijaribu. Lakini kabla ya kuzisanifu, zisomwe kwa sauti mbele ya mtu asiye daktari, kisha aulizwe swali moja tu: baada ya kusikia haya, utaimeza dawa hii au utaiacha?