Nahau Bila Wasemaji Wake

Kitabu cha F. H. Le Breton, *Up-Country Swahili*, kilichotoka mwaka 1936, kiliwataja wasomaji wake katika jina lake refu: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Ajifunzaye lugha ili atoe amri hana haja kubwa ya nahau. Vitabu vya wageni vilivyofuata vimeziingiza, lakini mara nyingi kama orodha: "kula kiapo", "kula njama", "kula chumvi nyingi", kila moja na maana yake, basi. (Orodha, bila shaka, ni rahisi kutungia mtihani.)

Mwanafunzi wa Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, ambaye lugha ya kwao ni Kialur, lugha isiyo ya Kibantu, husikia Kiswahili ufukoni na sokoni pia, si darasani tu. Kitabu kikimweleza kwamba "kula chumvi nyingi" ni kuishi miaka mingi, kimempa nusu. Hakijamwambia kwamba msemo huo hubeba heshima, wala kwamba kijana akijisifu kwa huo atachekwa. Mazungumzo ya mistari sita baina ya mjukuu na babu yake yangeyaonyesha yote mawili.