Mkasi wa Oktoba, Waridi la Februari

Nyuma ya Rashtrapati Bhavan, ikulu ya Rais wa India mjini New Delhi, ipo bustani iliyobuniwa na Edwin Lutyens, msanifu yuleyule aliyechora jumba hilo kwa ajili ya magavana wakuu wa Kiingereza. Mifereji ya maji hukatizana kati ya nyasi, na kwenye makutano huruka chemchemi zenye umbo la yungiyungi. Wageni hufurika Februari kutazama mawaridi, aina zaidi ya 100. Uzuri huo huanza kutengenezwa Oktoba, mvua zikishakatika, kwa mkasi wa kupogolea.

Mtunza bustani huanza kwa kinoo. Mkasi butu husaga tawi, na mkasi mchafu husambaza ugonjwa; kwa hiyo hunoa, akafuta makali kwa kitambaa chenye dawa. Kisha huuzunguka mwaridi, akiusoma, bila kukata kitu.

Kwanza huondoa vijiti vilivyokufa, matawi yenye ugonjwa na yale yanayosuguana. Kila akikata hutazama kiini: kikiwa cha kahawia, hushuka kidogo na kukata tena, mpaka akute cheupe. Machipukizi yanayotoka chini ya pale waridi lilipobebeshwa huyang'oa tangu yalikoanzia, maana yakikatwa juujuu hurudi kwa nguvu zaidi.

Ndipo huja mkato wenyewe. Huchagua jicho linalotazama nje, ili tawi jipya lisijazane katikati na kuziba hewa. Hukata mshazari, kiasi cha nusu sentimita juu ya jicho, mteremko ukielekea upande wa pili ili maji yasilitiririkie. Akikata juu mno, kipande kinachobaki hukauka. Akikata chini mno, jicho hufa. Kidonda hupakwa dawa ya kuzuia ukungu. Tawi kwa tawi, mpaka safu nzima ibaki vijiti vifupi visivyo na jani.

Udongo wa shinani hulegezwa, huachwa upigwe jua siku chache, kisha hutiwa samadi na maji. Baada ya hapo ni kungoja. Maua ya kwanza hutoka baada ya majuma kadhaa, na baridi ya Delhi huyafanya yafunguke taratibu na kudumu.

Hata Februari mkasi haupumziki. Ua likinyauka, mtunza bustani hufuata kikonyo chake hadi kwenye jani lenye vijani vitano, akakata juu yake, kwani hapo ndipo penye jicho imara. Mgeni husifu ua lililochanua, naye mwenye mkasi ameshaanza kulitunza lijalo. Lutyens alichora bustani hii mara moja. Mikono hii huichora upya kila mwaka, na heshima ya mikono hiyo isipungue ile ya msanifu.