Lupus na Mfano wa Askari Aliyeasi: Tuuache

Karibu kila makala ya Kiswahili kuhusu lupus ina askari. Si unaujua ule mfano? Kinga ya mwili ni jeshi, seli B ni kiwanda cha silaha, halafu siku moja jeshi likaasi. Mimi mwenyewe nimeutumia, tena kwa mama yangu mdogo ambaye anaumwa lupus. Miezi michache baadaye nikakuta ameacha vidonge wiki mbili, eti askari wapate nguvu ya kupambana na mafua.

Hakukosea kufikiri. Alifuata mfano wangu mpaka mwisho.

Askari huasi kwa kuamua. Seli B haiamui, inajumlisha ishara. Kipokezi chake kikishika kitu, protini kama BTK hupeleka habari ndani. Habari hiyo peke yake kwa kawaida haitoshi: seli husubiri pia neno la seli T, au la vipokezi vya ndani kama TLR7, ambacho kazi yake ni kunusa RNA ya virusi. Wewe na mimi tunazo seli B zinazoweza kuutambua mwili wetu wenyewe, na hatuumwi.

Mwaka 2022 jarida la Nature lilieleza habari za binti wa Hispania aliyegundulika na lupus akiwa na miaka 7. Herufi moja katika jeni lake la TLR7 ilikuwa imebadilika, kipokezi kikawa chepesi mno kuitikia guanosini, kipande cha kawaida kabisa cha RNA. Panya waliowekewa badiliko lilelile nao wakapata ugonjwa kama lupus. Sasa niambie, hapo aliyeasi ni nani?

Hicho kiwanda cha silaha nacho kina walakini. Rituximab huua seli B zenye alama ya CD20. Seli za plasma, ambazo ndizo hasa zinazomwaga kingamwili, kwa kawaida hazina alama hiyo, kwa hiyo huponyoka. Hata hivyo, katika jaribio la 2008 kwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu ala za neva, vidonda vipya vya ubongo vilipungua ndani ya miezi michache. Kumbe seli B zina kazi nyingine: huzionyesha seli T cha kushambulia. Halafu ikaja atacicept, inayozima BAFF na APRIL, ishara zinazoziweka hai seli B na seli za plasma. Kingamwili zilishuka, lakini wagonjwa wa maltipo sklerosisi walirudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi, jaribio likasimamishwa. Kwa hesabu ya kijeshi, matokeo hayo hayaelezeki.

Nakubali, mfano wa askari una faida yake: humwondolea mgonjwa wazo kwamba karogwa. Ila mimi sasa natumia maiki ya harusini. Isogeze karibu na spika, inasikia sauti yake yenyewe, inaikuza, inaisikia tena, mpaka ukumbi mzima unaziba masikio. Maiki haina ubaya na hakuna anayetaka kuivunja, maana mgeni rasmi bado hajaongea.

Mama mdogo alicheka. "Kwa hiyo vidonge ndio vinapunguza sauti?"

"Ndiyo, mama. Ila usiguse kitufe bila kumwuliza daktari."