Fundi wa Mseto

Kuna watu wanaodhani kuunganisha nyimbo ni kukata na kubandika tu. Nawaomba watafute mseto mmoja mzuri wa muziki wa Sonic CD, wausikilize mpaka mwisho, halafu waseme tena.

Gemu hiyo ya Sega ilitoka Japani Septemba 1993, ikaingia Ulaya mwezi uliofuata, na muziki wake ulitungwa na Naofumi Hataya na Masafumi Ogata. Ilipofika Marekani mwezi Novemba, Sonic, kalunguyeye wa buluu, alikuwa yuleyule na mbio zake zilezile, ila masikio yalipewa kitu kingine. Tawi la Sega la huko lilikuwa limewapa Spencer Nilsen na David Young kazi ya kutunga upya. Muziki wa Japani una damu ya haus na tekno: midundo ya kilabu, vipande vya sauti za watu vinavyorukia juu ya ngoma, furaha isiyotulia. Wa Marekani hutanda polepole na una giza ndani yake. Tangu hapo mashabiki wana kambi mbili. Mimi huku Kigwena, kusini mwa Rumonge nchini Burundi, niko kambi ya Hataya na sifichi. Lakini aliyenifundisha kumheshimu Nilsen ni fundi wa mseto, si mbishi yeyote.

Ufundi wenyewe uko kwenye mshono. Kila eneo la gemu lina nyakati nne: zamani, sasa, wakati ujao mwema na wakati ujao mbaya, na kila wakati una muziki wake. Muziki wa nyakati tatu ulisomwa kwenye diski kama nyimbo za kawaida za CD. Ule wa zamani ulitolewa na chipu ya sauti ya mashine, kutoka ndani ya data ya gemu. Wamarekani walibadilisha nyimbo za diski. Za chipu wakaziacha. Kwa hiyo mtoto wa Marekani aliyerudi zamani ndani ya gemu alikuwa anawasikiliza Wajapani bila kujua.

Fundi hodari huutumia mlango huo. Huanza na wimbo wa Nilsen, hushuka nao mpaka ubaki mdundo peke yake, kisha huleta ile sauti ya zamani, yenye mkwaruzo kidogo, ambayo ni mali ya matoleo yote mawili. Masikio yakishaizoea, Hataya huyo anaingia na ala zake zote, na mwendo haujaruka hata mara moja. Kama nyimbo mbili hazilingani sauti, fundi huinua mmoja au huushusha, au hutafuta noti moja iliyomo kotekote, akaing'ang'ania mpaka wimbo wa pili uikute. Nimesikia kazi ambamo besi ya Mjapani ilitembea chini ya gitaa la Mmarekani kwa kitambo kifupi tu, nikatamani watungaji wenyewe wangekutanishwa chumba kimoja.

Warundi tunacho kipimo cha kazi ya namna hii. Katika ngoma zetu inkiranya hukaa katikati na ndiyo inayoongoza. Ibishikizo huifuata, na amashakwe hushikilia mdundo usiobadilika. Wapigaji hupokezana inkiranya: mmoja anaruka, anacheza, anapiga, anampisha mwenzake. Muda wote huo amashakwe hayanyamazi. Ukipata nafasi, mwache mchezaji anayeruka, tazama mikono ya hao wa amashakwe wakati wa kupokezana. Haiharakishi, haichelewi, na kwa sababu yao mtazamaji hajui hata kwamba kuna pengo lililozibwa. UNESCO iliiweka ngoma hii kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014, na ingestahili hata kwa mikono hiyo peke yake.

Ngoma hizi nazo zimewahi kuingizwa kwenye muziki wa wengine. Mwaka 1967 zilirekodiwa hapa Burundi kwa ajili ya lebo ya Ocora ya Ufaransa. Mwaka 1971 Mfaransa Michel Bernholc akaichukua rekodi hiyo, akaipandishia kinanda na gitaa, ikauzwa kwa jina la Burundi Black na kuingia hata chati za Uingereza. Nimeisikiliza kwa nia njema. Ngoma zinakimbia chini, kinanda kinapiga hadithi yake juu, na hakuna mahali ambapo kimoja kinakisubiri kingine. Na jina la msanii lililowekwa ni Burundi Steiphenson Black. Wapigaji wenyewe humo hawamo.

Mwaka 2011 Sonic CD ilitolewa upya, kazi ya Christian Whitehead, na mchezaji akapewa uhuru wa kuchagua muziki wa Japani au wa Marekani. Ni jambo jema, lakini anayechagua mmoja bado hajasikia jinsi unavyojibizana na wa pili. Hilo bado ni la fundi wa mseto, anayelifanya usiku kwenye kompyuta yake bila malipo.

Kijana wa Rumonge uliye na simu na programu ya kuhariri sauti, nyimbo za harusi za Kiswahili huku ziwani huvuka maji: utazisikia kwetu, Kigoma na Uvira, kila mji kwa mwendo wake. Zirekodi, tafuta noti inayozikutanisha, na uandike jina la kila mwimbaji.