Siki, bureti na kiashiria kisichofaa

Siki ya dukani yenye lebo ya asilimia 5 ina takriban gramu 50 za asidi ya asetiki kwa lita. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuhakiki lebo hiyo kwa bureti, pipeti na haidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M. Kupatia au kukosea kunategemea sana kiashiria alichochagua kabla hajafungua koki.

Siki huzimuliwa kwanza mara 10, la sivyo bureti nzima haitatosha. Pipeti hubeba sm³ 25 hadi kwenye chupa ya koni iliyo juu ya kigae cheupe, kisha huongezwa matone mawili ya kiashiria cha fenoftalini. Alkali, ile haidroksidi ya sodiamu, inaanza kushuka kutoka kwenye bureti. Ioni ya haidroksidi hunyakua protoni ya asidi, maji yanatokea, na kinachobaki ni asetati ya sodiamu. Waridi huchomoza pale alkali inapotua, ukitikisa, linapotea. Linapoanza kuchelewa kupotea, koki hubanwa na matone huachiwa moja moja, kila moja kama sm³ 0.05. Waridi hafifu likidumu nusu dakika, soma bureti: karibu sm³ 21. Likififia baadaye usiongeze kitu, maana kaboni dayoksaidi ya hewani ikiingia majini nayo huleta asidi.

Wengi hudhani asidi ikiisha pH huwa 7. Kwa siki sivyo. Asetati huchukua protoni kidogo kutoka kwenye maji yenyewe na kuacha haidroksidi, hivyo pH hufika karibu 8.7, na fenoftalini huanza kubadilika kwenye 8.2 hivi. Methili oranji, kiashiria kingine, humaliza kugeuka njano kwenye 4.4, wakati takriban asilimia 30 tu ya asidi imeshazimwa. Anayeitumia atasimama kwenye sm³ 6, aandike kwamba siki ina asilimia 1.5, na amlaumu bure aliyeitengeneza.

Kwa asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M viashiria vyote viwili hufaa, kwa sababu matone mawili tu ya mwisho huirusha pH kutoka 4 hadi 10. Ndiyo maana naona ni kosa kuwakaririsha wanafunzi jedwali la viashiria bila sababu zake. Darasa lipewe siki ileile na viashiria vyote viwili, wanafunzi waandike 6 na 21 kwenye ukurasa mmoja, halafu mwalimu aulize asidi iliyobaki imejificha wapi.