Bao na Goli Katika Mpira wa Magongo

Tumesoma habari ya mchezo wa mpira wa magongo uliofanyika Moshi, ambamo mwandishi aeleza kwamba "goli lilikataliwa ingawa mpira uliingia golini". Msomaji wa Marangu au Kibosho, aliyezoea kandanda tu, ataelewaje? Neno moja limetwishwa mizigo miwili: mahali na alama.

Katika kandanda kasoro hii haidhuru sana. Katika magongo yadhuru, maana sheria yataka mshambuliaji aucheze mpira ndani ya nusu duara iliyochorwa mita 14.63 kutoka golini. Ukipigwa kutoka nje ukaingia moja kwa moja, hapana alama. Kwa hiyo twashikilia kwamba goli libaki kuwa mahali, na bao liwe alama. Tanzania ilipofungwa na India 18 kwa 0 huko Moscow, Julai 1980, yale yalikuwa mabao, yote yakichezwa ndani ya nusu duara hiyo.

Bao ni neno la barazani, la mchezo wa kete, ambako ashindwaye husemwa amefungwa bao. Wanamichezo walilichukua bila kumngoja mtaalamu, na walifanya vyema. Hatuwezi kusema hivyo juu ya "kutikisa nyavu". Goli la magongo lina ubao wa kimo cha sentimita 46 chini ya nyavu, na mpira ule mgumu huugonga kwa kishindo. Wachezaji wa Moshi wakisema "kugonga ubao", sisi tutaliandika.