Kuhamisha Kiti na Kulea Warithi: Uhakiki wa "Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania"

Suala la kupokezana uongozi ndani ya Chama huzungumzwa mara nyingi kama suala la majina: nani anafaa, anatoka wapi, anaungwa mkono na kundi gani. Mazungumzo ya namna hiyo hayamjengi kada. Chama kinachojitambulisha kuwa cha wakulima na wafanyakazi hakina budi kulitazama suala hili kwa jicho la itikadi, yaani kuuliza viongozi wake wanatokana na nani, wanalelewa wapi, na wanawajibika kwa nani kabla na baada ya kukabidhiwa dhamana.

Katika madarasa ya itikadi ya huku Runazi, kwa makada wa Biharamulo na Ngara, tumekuwa tukikitumia kijitabu cha Mwalimu Julius Nyerere, "Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania". Wanafunzi wengi hukisoma kama ushahidi wa ugomvi wa wakubwa uliokwisha. Sisi tunadhani ni andiko la msingi kuhusu urithi wa uongozi, na kwa sababu hiyo hiyo linastahili kuhakikiwa badala ya kusifiwa tu. Maoni yetu ni kwamba kijitabu kinafundisha barabara namna ya kuutambua ugonjwa wa uongozi, lakini tiba yake inaishia juu. Tangu kiandikwe, Chama kimekuwa hodari wa kuhamisha kiti, na kimekuwa mzembe wa kulea warithi.

Chimbuko la kijitabu

Desemba 1992 Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, jambo ambalo kikatiba ni la Muungano. Habari zilipojulikana mwaka 1993 zikaleta mtafaruku. Agosti mwaka huo Zanzibar ilijitoa, lakini kundi la Wabunge 55 lilikwisha kupeleka hoja ya kudai Serikali ya Tanganyika, na Bunge likapitisha azimio la kuitaka. Wabunge hao walikuwa wa CCM, na sera ya CCM ilikuwa serikali mbili. Kwa maneno mengine, wanachama walipitisha Bungeni jambo lililopingana na sera ya Chama chao, bila wanachama wa matawini kuulizwa, na viongozi wakuu wakayumba badala ya kuongoza.

Mwalimu, ambaye wakati huo hakuwa na cheo chochote katika Chama wala Serikali, aliingilia kati. Kijitabu ni maelezo yake ya yale yaliyotokea, na hukumu yake kwa Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa Chama Horace Kolimba. Hoja yake ni kwamba wasaidizi wakuu wa Rais na Mwenyekiti wakishindwa kuilinda sera waliyoapa kuilinda, wawajibike waondoke. Desemba 1994 Malecela aliondolewa katika Uwaziri Mkuu, akashika Cleopa Msuya. Baadaye Kolimba naye aliacha Ukatibu Mkuu.

Nguvu yake

Yapo mambo mawili ambayo kila kada hana budi kujifunza hapa. Kwanza, mwandishi hakusengenya. Ametaja makosa, ametaja wahusika, ametoa sababu zake hadharani ili zijibiwe. Huo ndio mwendo ule ule aliousisitiza mwaka 1962 katika "Tujisahihishe", kwamba chama kisichojikosoa hakiwezi kujirekebisha. Pili, ameeleza kwamba ubovu wa uongozi wa chama kinachotawala hauishii ndani ya chama. Kama hakuna chama kingine chenye nguvu ya kuongoza nchi vizuri, chama tawala kikioza nchi nzima inaumia. Kwa hiyo nani ataongoza CCM ni suala la taifa zima.

Upungufu wake

Hata hivyo, msomaji makini atagundua kwamba uzito wote wa hoja umewekwa kwa watu walioko kileleni. Tatizo ni wasaidizi wawili. Ufumbuzi ni wasaidizi hao kuondoka. Swali la wapi watapatikana wengine walio bora, na nani amewaandaa, halikupewa uzito unaolingana nalo. Tena tiba yenyewe ilitegemea mzee mmoja mwenye heshima ya kutosha kusikilizwa na wote. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Dawa iliyomtegemea mganga mmoja haiwezi kuitwa utaratibu wa Chama.

Udhaifu huo ulijionyesha mapema. Mwaka 1997 Ndugu Kolimba, yule yule aliyelaumiwa katika kijitabu, alitamka kwamba Chama kimepoteza dira. Aliitwa Dodoma mbele ya Kamati Kuu ajieleze, akazidiwa akiwa katika shughuli hiyo, akafariki. Hatusemi kwamba alikuwa sahihi au alikosea. Tunasema kwamba aliyekosolewa jana alikuwa na jambo la kukosoa leo, na Chama hakikuwa na darasa wala jukwaa la kawaida ambalo maneno kama hayo yangejadiliwa kabla hayajawa kesi.

Historia inasemaje?

Chama chetu kilianza na mfano mzuri. Januari 1962, majuma sita hivi baada ya Uhuru, Mwalimu aliacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga TANU mikoani. Maana yake ilikuwa wazi: Chama ndicho chimbuko, Serikali ni chombo chake. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliweka msimamo huo katika maandishi, na mabadiliko ya Katiba ya 1975 yakaupa nguvu ya sheria. Mwaka 1985 Mwalimu alimkabidhi Urais Ali Hassan Mwinyi, yeye akabaki na Uenyekiti hadi 1990. Alizunguka tena mikoani kuhuisha Chama, kwani aliona matawi yamelala.

Kofia mbili ziliporudi kwenye kichwa kimoja mwaka 1990, mwelekeo ulianza kugeuka. Benjamin Mkapa alikuwa Rais mwaka 1995, akawa Mwenyekiti mwaka 1996. Jakaya Kikwete alikuwa Rais mwaka 2005, akawa Mwenyekiti mwaka 2006. John Magufuli alikuwa Rais mwaka 2015, akawa Mwenyekiti Julai 2016. Samia Suluhu Hassan alikuwa Rais Machi 2021, akawa Mwenyekiti tarehe 30 Aprili mwaka huo huo. Mtu anaingia Ikulu kwanza, kisha Chama kinamfuata. Ni kweli kwamba makabidhiano haya yote yalifanyika kwa amani, na katika Afrika hilo si jambo dogo. Lakini utaratibu huu umepindua fundisho la 1962. Zamani Chama kilitoa kiongozi kwa Serikali. Sasa Serikali inatoa kiongozi kwa Chama.

Sambamba na hilo, sifa za mrithi zilibadilika. Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti hayo. Tangu hapo mlango ulifunguka kwa mwenye fedha kuingia katika kura za maoni akiwa na mfuko mkononi. Sheria ya uchaguzi ya 2000 ilifika hata kuihalalisha takrima, hadi Mahakama Kuu ilipoitengua mwaka 2006. Kada aliyelelewa tawini kwa miaka 10 akishindanishwa na mfuko wa siku 10, mara nyingi mfuko ndio unaoshinda.

Fundisho la Biharamulo

Watu wa sehemu zetu wanazijua aina mbili za urithi. Bugufi na Bushubi zilikuwa na watawala wa jadi, na mtoto wa mtawala alirithi kwa damu hadi utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963. TANU ilileta aina ya pili: mtoto wa mkulima aweze kuongoza kwa kuaminiwa na wenzake. Mfano mkubwa wa aina hii ya pili umetoka hapa hapa. John Magufuli alizaliwa Chato mwaka 1959, wakati Chato ikiwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo. Alikuwa mwalimu, kisha mkemia katika Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1995 alichaguliwa Mbunge wa Biharamulo Mashariki.

Tukiitazama njia yake kwa makini tunaona fahari na pia onyo. Fahari ni kwamba hakurithi kwa damu. Onyo ni kwamba alikuzwa na Wizara. Hakukuzwa na ngazi za Chama. Mwaka 2015 makada 38 walirudisha fomu za kuomba Urais. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, Mkutano Mkuu ukamchagua Magufuli. Edward Lowassa, aliyekatwa, alihamia CHADEMA kabla ya mwezi kwisha akifuatwa na wafuasi wengi, akapata takribani asilimia 40 ya kura. Mwaka 2019 alirudi CCM. Walioondoka naye na walioshangilia kurudi kwake walimfuata mtu. Kama wangekuwa wamelelewa katika itikadi, wangeuliza kilichobadilika katika sera ni nini.

Majirani zetu wa Kenya walilipa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2002 Rais Moi alimteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake juu ya vichwa vya viongozi wengine wa KANU. Kina Raila Odinga, George Saitoti na Kalonzo Musyoka wakaondoka, na Desemba mwaka huo chama kilichotawala tangu Uhuru kikaanguka. Na sisi tusijione tumekingwa. Mwaka 2010 jimbo la Biharamulo Magharibi lilichukuliwa na CHADEMA. Jimbo halipotei siku ya kura. Hupotea miaka mingi kabla, tawi linapokaa bila kijana hata mmoja anayeandaliwa.

Mkulima wa migomba anaijua kazi hii kuliko sisi wakufunzi. Hangoji mkungu ukatwe ndipo atafute chipukizi. Katika shina moja huacha mama, mtoto na mjukuu, na machipukizi mengine huyang'oa ili yasinyonyane. Matawi yetu mengi yana mama peke yake. Katibu ni yule yule, balozi ni yule yule, na vijana huitwa wakati wa kubandika picha.

Swali lililo mbele yetu

Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalum wa Dodoma uliwapitisha papo hapo Rais Samia na Rais Hussein Mwinyi wa Zanzibar kuwa wagombea wa mwaka huo, kwa hoja iliyoibuka ukumbini. Wako waliolitetea jambo hilo kwa mila ya kumwachia Rais aliye madarakani amalize vipindi vyake, na wako waliohoji utaratibu. Sisi tunaongeza hoja moja. Ikiwa mashindano ya fikra juu ya uongozi wa juu yanaruhusiwa mara moja katika miaka 10, basi Chama kinafanya zoezi la kurithishana mara moja katika miaka 10. Hakuna jeshi linalokwenda vitani na askari waliofanya gwaride mara moja. Kwa mujibu wa Katiba, mwaka 2030 Muungano utahitaji mgombea mpya wa Urais kutoka kwetu. Wakati wa kumtafuta haujafika. Wakati wa kuwaandaa wale watakaomchagua umekwisha kuanza.

Februari 2022 Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere ilifunguliwa Kibaha kwa ushirikiano wa vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Ni hatua ya kupongezwa, hasa tukikumbuka pengo lililokuwapo tangu Chuo cha Kivukoni kilipoacha kuwa chuo cha Chama. Lakini Kibaha ni mbali na Runazi. Shule moja ya taifa haiwezi kuziba nafasi ya darasa la tawi. Kwa hiyo tunapendekeza makada wayajadili mambo yafuatayo kabla ya uchaguzi wa ndani ya Chama wa 2027:

(a) Kila kiongozi wa shina, tawi na kata awe na vijana wawili, mwanamke na mwanamume, anaowafundisha kazi yake waziwazi, na kikao kiwapime kila mwaka.

(b) Muda ambao mwanachama amefanya kazi za Chama katika ngazi ya chini uwe sifa ya lazima kwa anayeomba uongozi wa ngazi ya juu.

(c) Anayegawa fedha katika kura za maoni aondolewe na kikao cha tawi lenyewe, bila kungoja barua kutoka juu.

(d) Suala la kofia mbili lirudishwe mezani na lijadiliwe matawini, kwa kuupima uzoefu wa 1985 hadi 1990, faida zake na kasoro zake.

Tunajua wapo watakaosema kwamba mapendekezo haya yatazaa makundi. Makundi yanazaliwa gizani, pale ambapo mwanachama hana kikao cha kusema. Mwalimu aliandika kijitabu chake kwa sababu vikao vilishindwa kusema. Kazi ya kizazi chetu ni kuvifanya vikao viseme, kuanzia shina, ili siku moja Chama kisihitaji mzee wa kukiandikia kijitabu kingine.

Kidumu Chama cha Mapinduzi.